Sura ya Nne: Feni Iliyonyamaza

"Hukuigusa?" Mardhiya aliuliza.

"Wallahi sijaigusa," Suhaib alisema. "Tangu ishushwe imekaa hapo hapo. Uliniambia kwenye simu niiache, nikaiacha. Hata boneti sijafungua."

Gereji ya Suhaib ilikuwa uani, nyuma ya maduka ya Wagujarati ya Kingsbury Road, mahali ambapo harufu ya bajia huingia mpaka chini ya magari. Siku za kawaida magari yalibanana pale hadi langoni. Asubuhi hiyo palikuwa na vani moja isiyo na magurudumu na Carina ya buluu, gari la zamani ambalo rangi yake ilikuwa imefifia juu ya paa.

Mardhiya alikuwa mzaliwa wa Wete, Pemba, kama Suhaib. Kwa miaka mingi aliichunguzia kampuni moja ya bima magari yaliyoungua na yaliyogongwa. Sasa alikuwa mpelelezi wa kujitegemea, na ofisi yake ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la simu, Kilburn. Alitoa glovu mfukoni akazivaa.

"Haya, nieleze tena tangu mwanzo. Usiruke."

"Hii ni gari ya Fortunat, yule Mkongo wa Kilburn. Ililetwa Jumatatu, rejeta inavuja. Nikatia rejeta mpya. Jumatano asubuhi ikachemsha Brixton, wamo njiani kwenda Croydon. Gloire, shemeji yake Fortunat, alikuwa na mahojiano huko siku hiyo, ya makaratasi yake ya kuishi nchi hii. Hawakufika. Tena Gloire mwenyewe ndiye aliyefungua mfuniko wa rejeta, maji yakamrukia mkono mzima." Suhaib alifuta uso kwa kiganja. "Sasa kila mtu anasema Suhaib ametia rejeta mbovu. Suhaib amemuunguza mtoto wa watu, amemkosesha makaratasi. Hao wanaosema ndio wateja wangu, Da Mardhiya."

"Umetia rejeta mbovu?"

"Ndilo nililokuitia uje ulitazame. Ikiwa ni mimi, niambie ni mimi."

Mardhiya alifungua boneti. Alama nyeupe za maji yaliyokauka zilikuwa zimetapakaa juu ya injini na upande wa ndani wa boneti. Alipiga picha kwanza, kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena. Oili ilikuwa nyeusi, bila tone la maji. Akafungua kifuniko cha oili na kukigeuza. Hapakuwa na ute mweupe kama maziwa.

"Maji hayakuingia kwenye oili," alisema. "Gasketi ya silinda hedi, inayotenga maji na oili, imenusurika. Lete maji na pampu yako ya kupimia presha."

Walijaza rejeta, wakafunga pampu ya mkono mdomoni mwake, wakaisukuma mpaka kipimo kikafika pale kinapotakiwa. Kisha wakasubiri. Suhaib hakukitazama kipimo, alimtazama Mardhiya. Mshale haukushuka. Mardhiya aliinama chini ya gari na tochi, akapapasa kwa kidole kila mpira wa kupitishia maji. Pakavu.

"Rejeta yako ni nzima. Mipira ni mizima."

"Alhamdulillahi."

"Bado. Tia mfuniko mpya, washa injini."

Suhaib aliwasha. Mardhiya aliingia upande wa dereva, akatazama dashibodi. Sindano ya mafuta ilipanda moja kwa moja hadi karibu na kujaa. Sindano ya joto ilianza chini kabisa, ikapanda taratibu. Alitoka, akashika mpira wa juu wa rejeta. Ulikuwa baridi. Alisubiri. Ghafla ukawa wa moto, hata ikambidi auache.

"Themostati imefunguka, imeruhusu maji kupita," alisema. Baada ya muda akaugusa mpira wa chini. "Huku nako kunapata joto. Maji yanazunguka, kwa hiyo pampu inafanya kazi. Sasa tuiache iungurume hapa hapa, kama iko kwenye foleni."

Walisimama wakiitazama sindano ya joto. Sindano ilivuka nusu. Ikaendelea kupanda. Mahali ambapo feni ilipaswa kuwaka, haikuwaka. Sindano ilipokaribia alama nyekundu Mardhiya akazima injini.

"Feni," Suhaib alisema kwa sauti ndogo. "Da Mardhiya, feni ilikuwa inafanya kazi. Niliiacha gari inaunguruma hapa uani mpaka feni ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Mbele ya mwenyewe."

Mardhiya alikuwa ameshafungua kisanduku cha fyuzi. Fyuzi ya feni ilikuwa nzima. Alifuata waya kwa tochi, kutoka kwenye mota ya feni kupanda juu, mpaka akafika nyuma ya mpira wa juu wa rejeta. Hapo akasimama.

"Njoo uone, lakini usiguse."

Plagi ya feni ilikuwa imechomolewa. Vipande vyake viwili vilikuwa vizima, na kikwapo chake, ile ndoano ndogo ya plastiki inayobonyezwa kwa gumba ili plagi iachie, hakikuwa na ufa. Kipande cha upande wa waya kilikuwa kimeingizwa kwa nguvu kati ya mpira na bati, kisionekane na mtu aliyefungua boneti kutia maji.

"Ingejichomoa yenyewe ingekuwa inaning'inia," Mardhiya alisema huku akipiga picha. "Na ingevutwa kwa nguvu, hiki kikwapo kingevunjika. Hii imebonyezwa na mtu anayejua pa kubonyeza, halafu akaificha." Aliichomeka plagi, akamwambia Suhaib awashe tena. Feni ikanguruma mara moja, na sindano ikarudi nusu ikatulia hapo.

Suhaib alikaa juu ya tairi kuukuu.

"Nani anaijua plagi hii?" Mardhiya aliuliza.

"Mimi. Na mwenyewe. Mwaka jana iliwahi kulegea, nikamwonyesha. Nikamwambia, hii ikitoka, barabara kubwa utakwenda bila taabu kwa sababu upepo unaingia mbele, lakini ukikwama kwenye foleni mjini itachemsha. Nikamwambia na dawa yake: ukiona sindano inapanda, fungua hita mpaka mwisho, inavuta joto la injini ndani ya gari. Utatoka jasho lakini utafika."

"Na Fortunat na Gloire wanaelewana?"

"Fortunat na Gloire? Hawasemezani tangu Krismasi. Kanisani kwao wote wanajua."

Mardhiya alivua glovu. "Fortunat nitampata wapi mchana huu?"

*

Fortunat alikuwa msafishaji wa mabasi katika depo moja upande wa Willesden. Alitoka nje akiwa na ndoo mkononi, mtu mrefu mwenye miwani minene, akamsalimia Mardhiya kwa mikono miwili.

"Suhaib anasema alikuonyesha plagi ya feni ya gari lako," Mardhiya alisema.

"Mimi?" Fortunat aliweka ndoo chini. "Mama, mi sijui hata fasi gani gereji ya ule bwana iko."

"Gari si lako?"

"Iko kwa jina langu. Lakini macho yangu iliharibika, muganga wa hospitali akanikataza kuendesha. Huu mwaka na ule ulipita, sijashika gari. Ni bibi yangu wa ndoa, Émilienne, yeye njo anaendesha, si mimi. Yeye njo anapeleka gari kutengeneza."

Mardhiya aliandika jina hilo kwenye daftari. "Na Gloire? Kwa nini hamsemezani?"

Fortunat alitazama mabasi. "Nilimuambia atoke mu nyumba yangu. Watu banafikiri namufukuza. Hapana. Mama yao, Gloire na bibi yangu, anaishi kwetu, alipata ugonjwa ya kupooza. Gloire anamulisha, anamuogesha, anamugeuza, kila siku, kila siku. Émilienne anaenda kuchunga wazee ba watu, Gloire anachunga mama. Nilimuambia: 'Weye ungali kijana. Siku utapata makaratasi, toka, uende kuishi maisha yako.' Akakasirika. Akasema mi simupendi."

"Émilienne alikusikia ukimwambia hivyo?"

"Alikuwa jikoni. Alisikia yote."

Mardhiya alimshukuru, akatoka hadi kituo cha basi, akampigia Suhaib.

"Suhaib, ulisema ulimwonyesha mwenyewe. Mwenyewe nani?"

"Mwenyewe si yule bibie, Émilienne? Nani mwingine? Huyo mumewe sijamtia machoni hata siku moja."

"Jumatatu pia ni yeye aliyesimama akaiona feni ikiwaka?"

"Ni yeye. Alikunywa na chai yangu." Suhaib alishusha sauti. "Da Mardhiya. Huyo ni dada yake Gloire, wa tumbo moja."

"Najua," Mardhiya alisema, akakata simu.

*

Alimkuta Gloire kliniki, kwenye foleni ya kubadilisha bendeji. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, mwembamba, na alipoambiwa kuwa Mardhiya anachunguza jambo la gari alisogea kumpisha kitini.

"Usimutese sana ule fundi," alisema. "Ni bahati mbaya tu. Yaya naye analia kila siku juu ya hii mukono."

"Yaya yupi?"

"Émilienne. Kwetu Bukavu yaya ni ndugu yako mukubwa."

"Kwetu Pemba yaya ni mtu wa kulea watoto wa watu."

Gloire alicheka kidogo. "Basi kwenu yaya ni miye."

Mardhiya hakucheka. "Niambie Jumatano asubuhi. Kutoka mlangoni."

"Mi nilitaka kuenda na treni. Wakili wangu, Amisha, aliniambia: panda treni, ufike mapema, usichelewe hata kidogo. Yaya akakataa. Akasema siku kubwa kama hii nitakupeleka mwenyewe. Nikafurahi. Nikavaa mapema, nikamungojea. Tulitoka tumechelewa, alikuwa anatafuta funguo."

"Alizipata wapi?"

"Mu mufuko ya koti yake."

"Mkapitia Brixton."

"Mvua ilikuwa inanyesha, foleni haitembei. Vioo vikaingia ukungu, nikasikia baridi. Nikataka kufungua hita, yaya akanishika mukono. Akasema acha, inakula mafuta."

Kalamu ya Mardhiya ilisimama. "Alisema hivyo? Inakula mafuta?"

"Ndiyo. Halafu nikasikia harufu, na moshi ukaanza kutoka mbele. Tukasimama pembeni. Nikaona saa inaenda, nikafikiri, nikitia maji tutafika. Nikakimbia na chupa ya maji, nikafungua." Aliutazama mkono. "Yaya alipiga kelele, lakini nilikuwa nimeshafungua."

"Croydon wanasemaje?"

"Amisha amebaandikia. Banasema nitoe sababu, na ushahidi ya kuwa sikukataa kuja. Kama haitoshi, bataifunga kesi yangu." Jina lake likaitwa, akasimama. "Mama, ushahidi ya gari, weye unaweza kunipatia?"

"Ninaweza," Mardhiya alisema. "Ukitoka humo, twende wote nyumbani kwenu. Nina maswali ya kumuuliza dada yako, na nataka uwepo."

*

Émilienne alifungua mlango akiwa bado na sare yake ya kazi, kanzu fupi ya zambarau yenye saa ya kuning'inia kifuani. Aliuona uso wa mdogo wake kwanza, akampokea koti, akalitoa taratibu kwenye mkono wenye bendeji. Kisha akamwona Mardhiya nyuma.

"Karibu, mama," alisema. "Mume wangu amenipigia simu. Kaa. Nitapika chai."

"Chai baadaye."

Sebule ilikuwa ndogo. Kupitia mlango uliokuwa wazi ilionekana miguu ya mama yao, Mama Myriam, chini ya blanketi, na ncha ya kitanda cha hospitali. Gloire alikaa ukingoni mwa kochi. Mardhiya aliweka simu yake juu ya meza, picha ikiwa imefunguliwa.

"Hii ni nini?" Émilienne aliuliza.

"Plagi ya feni. Suhaib alikuonyesha mwaka jana."

"Alinionyesha vitu mingi."

"Ilikuwa imechomolewa na kufichwa nyuma ya mpira. Ndiyo maana gari ilichemsha."

Gloire aligeuza shingo. Émilienne aliitazama picha muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Basi ni ule fundi. Alisahau."

"Jumatatu aliwasha injini ukaiona feni ikizunguka, umesimama na kikombe mkononi."

"Labda Fortunat."

"Fortunat haioni plagi hiyo hata ukimwekea puani."

"Gari inalala inje, mu barabara. Mutu yeyote anaweza..."

"Mtu wa barabarani anavunja kioo au anaiba betri," Mardhiya alisema. "Hafungui boneti, akabonyeza kikwapo kwa ustaarabu, akaficha waya, akafunga boneti akaenda zake. Halafu mtu wa barabarani hajui kama Jumatano mtapita Brixton. Gari ile bila feni ingefika Croydon salama kwa barabara yenye mwendo. Ilihitaji foleni, na anayechagua saa na njia ni dereva. Lakini hayo yote niyaache. Nina swali moja. Kwa nini ulimkataza Gloire kufungua hita?"

Émilienne alimtazama mdogo wake.

"Mafuta," Gloire alisema. "Alisema mafuta. Yaya, si ulisema mafuta?"

"Leo asubuhi nimewasha gari lenu," Mardhiya alisema. "Tangi limekaribia kujaa. Hita ya gari haili mafuta hayo, inatumia joto la injini. Na Suhaib alikuambia kwa mdomo wake: sindano ikipanda, fungua hita, utafika. Ulijua hita ingewafikisha."

Chumbani mama yao alikohoa. Émilienne aliinuka nusu, akakaa tena. Alishika ile saa ya kifuani akaifunika kwa kiganja.

"Nilitaka ichelewe tu," alisema.

Gloire hakusogea.

"Nilitaka ikatae njiani, turudi nyumbani, bakupe siku ingine. Mwezi ujao. Miezi miwili. Sikutaka uungue. Mungu anajua sikutaka uungue."

"Ichelewe kwa nini?" Gloire aliuliza.

"Nilikusikia na Solomon, muchumba wako, mu simu. Ulimuambia, 'Nikipata makaratasi, wiki hiyo hiyo nakuja Leeds.' Wiki hiyo hiyo! Hukuniambia. Miaka yote unakula kwangu, unalala kwangu, na mutu wa kwanza kujua ni Solomon." Sauti yake ilipanda. "Nani atabaki na mama? Mimi natoka hapa giza, narudi giza. Kumuogesha, nani? Kumugeuza, nani? Nikimuacha peke yake siku moja atakufa. Ulifikiria hiyo, weye na Solomon?"

"Nilikuwa namutafutia mama nafasi huko Leeds," Gloire alisema. "Solomon amepata nyumba ya chini, isiyo na ngazi. Nilikuwa nangoja karatasi kwanza, nisikupe tumaini ya bure. Nilitaka kuenda na mama."

Émilienne aliiachia ile saa ya kifuani.

"Niambie kitu kimoja, yaya. Nilipochukua ile chupa ya maji. Nilipita mbele yako nayo. Ulikuwa unajua ndani mule iko moto namna gani?"

"Nilipiga kelele."

"Ulipiga kelele nimeshafungua. Nauliza mbele ya pale, sijafungua bado."

"Nilifikiri..." Émilienne alitazama sakafu. "Nilifikiri nikisema usifungue, utaniuliza nimejuaje."

Mardhiya alichukua simu yake mezani. "Ripoti yangu itakwenda kwa Suhaib, ndiye aliyeniita, na nakala kwa wakili Amisha. Itasema gari liliharibiwa makusudi na kwamba Gloire hakuwa na habari. Wakili ataniuliza nani. Ni bora, bibie, aisikie kwako leo kuliko kwangu kesho. Na Suhaib naye mwendee gerejini kwake, mbele ya watu, kama alivyosemwa mbele ya watu."

Émilienne alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa analia bila sauti, mikono magotini, bila kufuta uso.

"Gloire!" mama yao aliita kutoka chumbani, sauti nzito ya mtu ambaye nusu ya mdomo wake haifanyi kazi. "Gloire!"

Ndugu wote wawili walisimama kwa wakati mmoja. Gloire alitangulia. Mardhiya alimwona kupitia mlango uliokuwa wazi akiinama juu ya kitanda, akimweka mama yake vizuri kwa mkono mmoja na bega, akimfuta mate, akimwambia kitu sikioni. Alimbusu kwenye paji la uso, akakaa hivyo kwa kitambo, paji kwa paji. Kisha akavuta mkoba kutoka chini ya kitanda, akatia nguo chache kwa mkono wa kushoto, zipu ikamshinda, akauacha wazi.

Alipotoka hakumtazama dada yake.

"Mama Mardhiya, uko unaenda upande ya stesheni?"

"Naenda."

"Nisindikize. Nitalala kwa Faustine wa kanisani, kesho nitamuona Amisha."

"Gloire," Émilienne alisema. "Gloire, mama anakula saa hii. Sijui unamupatia nini kwanza, dawa au uji."

Gloire alisimama mlangoni na koti lake begani, mkono mmoja tu ndani ya mkono wa koti. Mardhiya alimshikia mlango.

"Uji kwanza," Gloire alisema. "Kidogo kidogo. Akikataa, umuimbie."

Walishuka ngazi. Walikuwa hawajafika chini waliposikia mama akiita tena jina la Gloire, mara ya pili, mara ya tatu, na sauti ya Émilienne ikimjibu kutoka jikoni kwamba anakuja, anakuja.